Maneno ya barazani yafike kwenye karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe fikira ambazo zimenikaa kifuani kwa muda, na ambazo zimezidi tangu nistaafu ualimu. Maana mtu aliyezoea kusahihisha madaftari ya watoto hamsini kila siku, akipewa mapumziko, hujikuta akisahihisha mji mzima. Mji wenyewe ni Amu, ambao serikali na wageni huuita Lamu, na mimi ni mkaazi wa mtaa wa Langoni.

Dirisha la chumba changu cha juu laelekea kichochoro, na chini yake pana baraza ya mawe ambapo wanaume wa mtaa hukaa baina ya alasiri na magharibi, kisha hurudi baada ya isha. Sijifichi kuwasikiliza, nao hawapunguzi sauti kwa ajili yangu. Kwa miaka mingi nimewasikia wakichambua bei ya mafuta ya mashua, maji ya visima vya Shela, hati za mashamba ya bara, vitambulisho vya vijana wa Kibajuni na bandari mpya ya Kililana, kwa undani ambao sijauona katika hotuba ya mwanasiasa yeyote aliyewahi kusimama pale Mkunguni mbele ya ngome. Mmoja wao, baharia wa zamani ambaye hakupita darasa la nne, alieleza siku moja jinsi bahari inayochimbwa inavyotibuka na kumfukuza samaki katika mazalio yake, akaeleza kwa mpangilio ambao ungenifanya nimwalike darasani lau ningekuwa bado nafundisha. Kisha muadhini huadhini, kila mtu hukung'uta kanzu yake, na maneno yote hayo hubaki pale pale juu ya mawe. Kesho yake huanza upya. Sijapata kumwona aliyeyaandika, akayatia sahihi na kuyapeleka kwa mwenye wajibu wa kuyajibu, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Tangu mwaka 2001, UNESCO ilipouingiza mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia, tumezoea kusifiwa kwa utulivu. Mgeni hushuka bandarini, huona punda na milango ya kuchonga, husikia kimya cha vichochoro, huenda akaandika kwamba hapa ndipo penye amani. Sifa hiyo imetuingia hata sisi wenyewe, nasi twauza utulivu wetu pamoja na vikoi. Lakini mimi nimeishi ndani ya kimya hiki na najua kina vyumba vingi, na baadhi ya vyumba hivyo havina amani hata kidogo.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, ingawa haunipendezi. Nilifundisha Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti yetu, kwa miaka sita, na huko nilipata rafiki, mwalimu mwenzangu wa Kikikuyu, ambaye wazazi wake walifika pale katika miaka ya 1970 ulipoanzishwa mpango wa makaazi wa Ziwa Kenyatta. Hata baada ya kuhamishwa kurudi Amu tuliendelea kutembeleana. Yeye alikuwa akija na maembe, mahindi mabichi na simsim. Akiondoka nilikuwa nikimfungia ng'onda na halua. Ikiwa msomaji hajui, mboga na nafaka nyingi ziuzwazo soko la Amu hutoka kwa wakulima wa huko bara, na samaki aliwaye huko hutoka kwetu, kwa hivyo urafiki wetu haukuwa wa ajabu. Ulifuata njia ile ile ya mashua za Mokowe.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, na kwa siku mbili, mjini humo na katika vijiji vya karibu, wakaua watu zaidi ya 60. Al-Shabaab walidai kwamba ni wao. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Mwezi wa Julai, Ramadhani ikielekea ukingoni, ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku, wavuvi wakafungiwa bahari tangu jioni, na tarawehe zikasaliwa majumbani. Kila mtu alikuwa na hofu yake, na kila mtu alikuwa na tuhuma zake, ambazo hakuzitamka mbele ya asiye wa kabila lake au dini yake.

Mimi na rafiki yangu hatukugombana. Hapakupita neno baya baina yetu, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke: tulinyamaza tu. Nilikuwa na nambari yake siku zote. Nilijiambia kwamba amefiwa na majirani na si wakati wa kumsumbua. Halafu nikajiambia kwamba pengine anatuona sote kuwa wamoja na wale wauaji. Halafu wiki zikawa miezi, na miezi ikawa miaka miwili. Nilipompigia hatimaye, mwaka 2016, aliniambia kwamba alikuwa akiingoja simu yangu tangu asubuhi ile ya pili, na kwamba yeye hakupiga kwa kuwa alidhani nitaona anakuja kunilaumu. Watu wawili tuliofundisha watoto juu ya utangamano kwa jumla ya miaka hamsini tulishindwa na kitufe cha simu. Na mtu wa mbali angalituangalia katika miaka ile miwili angalisema: hawa hawana ugomvi, wana amani.

Nasema haya kwa kuwa naona mji mzima umefanya vile vile. Tuna methali ya kujitetea nayo, kwamba mwenye kelele hana neno, na tunaitumia kila mara kijana anapoinuka kuuliza jambo mbele ya watu. Hiyo ya pili, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, twaikumbuka baada ya mshindo.

Hata hivyo si kweli kwamba Amu haijui kusema mahali panapostahili. Imewahi kusema mara mbili kwa sauti iliyosikika nchi nzima, na nashangaa jinsi tunavyozizungumza habari hizo kama hadithi za watu wengine. Mwezi Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja hapa kuzindua ujenzi wa bandari na mradi mzima wa LAPSSET, wa barabara, reli na mabomba ya mafuta ya kuziunganisha nchi hizo tatu. Zilipigwa ngoma, na mimi nilikuwako miongoni mwa walimu waliopanga watoto mstari juani. Mwaka huo huo baadhi ya wakaazi walikwenda mahakamani, si kwa kuipinga bandari kama walivyosingiziwa, bali kwa kuuliza kwa nini hawakuambiwa chochote kabla ya mikoko kukatwa na bahari kuchimbwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikakubali kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya kupewa habari na ya kushirikishwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76.

Jambo la pili ni lile la mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050. Leseni yake ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Wakaazi, wakiongozwa na muungano wa Save Lamu, walikata rufaa mbele ya jopo la kitaifa linalosikiliza mashauri ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Ukisoma sababu, utakuta kubwa miongoni mwazo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapana aliyepigwa jiwe, hapana duka lililochomwa. Wazee, wavuvi na kina mama walitembea Nairobi na kurudi kwa basi la barabara ile ile tuliyokuwa tukiiogopa kwa ajili ya mashambulizi, wakiwa na mafaili kwapani.

Mashauri yote mawili, nikiyatazama kwa jicho la mwalimu, yaliamuliwa hasa kwenye swali moja: je, watu waliambiwa, kwa lugha waielewayo, wakapewa muda wa kujibu? Wataalamu wanaweza kubishana juu ya moshi na matope hadi kiyama. Lakini swali la kuambiwa au kutoambiwa hata jirani yangu anaweza kulitolea ushahidi. Jirani huyu hununua samaki kwa manahodha alfajiri, huwakaanga na kuwauza jioni, na hiyo ndiyo kazi iliyosomesha wanawe watatu. Habari za fidia zilipoenea aliniuliza kama mkaanga samaki naye huhesabiwa kuwa ameathirika. Nikamuuliza kama aliwahi kuhudhuria mkutano wowote wakati majina yalipokuwa yakizungumzwa. Akasema: "Mwalimu, mikutano si ya waume?"

Basi tuje kwenye mikutano yenyewe, kwa kuwa mimi nilihudhuria. Mwaka mmoja ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja wala sitautaja mwaka, iliita wananchi kutoa maoni juu ya matumizi ya fedha. Tangazo lilibandikwa siku mbili kabla, kwenye mlango ambao watu wa kawaida hawapiti. Tulipofika tulipewa kitabu cha kurasa zaidi ya themanini, chote kwa Kiingereza, nakala nne kwa ukumbi wa watu kama sitini. Bwana aliyetumwa kutueleza alikuwa mpole na mwenye adabu, nataka nimtendee haki. Alisoma vichwa vya habari kwa nusu saa, akauliza kama kuna swali, na hapakuwa na swali. Kisha tukatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, tukapewa soda na nauli ya shilingi mia tano, tukaenda zetu. Nami nilitia sahihi. Nilipokuwa nikishuka ngazi nikafahamu kwamba sahihi zetu sitini zilikuwa ndiyo maoni yenyewe. Huko zitakakowekwa zitasomeka kwamba watu wa Amu walishirikishwa na wakaridhika.

Katiba ya mwaka 2010 haikuliacha jambo hili kwa hisani ya afisa. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 35 yampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Ibara ya 37 yaruhusu kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko kwa maandishi, na ya 196 yalibana bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kuwashirikisha watu. Tena sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio yenyewe ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Tarehe hizi hazibadiliki kwa kuandama kwa mwezi. Mji unaojua hasa ni usiku gani Maulidi yatasomwa msikiti wa Riyadha unaweza kabisa kujua ni mwezi gani fedha zake hugawiwa.

Nilipoyataja haya mbele ya mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba haya ni mambo ya siasa, na siasa huleta fitina. Namwelewa, ameona mengi. Historia ya mji wetu inataja makundi mawili, Suudi na Zena, yaliyokuwa yakishindana kwa utawala hata tukakaribia kuangamia kabla ya vita vya Shela kutuunganisha mwanzoni mwa karne ya 19. Hata leo, ukitazama kiti cha ugavana, kimekwenda kama kwa zamu: Issa Timamy mwaka 2013, Fahim Twaha mwaka 2017, kisha Issa Timamy tena mwaka 2022. Silaumu yeyote kati yao hapa. Ninachosema ni kwamba fitina tunayoiogopa hutoka hasa katika ile siasa ya kila miaka mitano, ambapo ukoo huulizwa uko upande gani, leso na unga hugawiwa usiku, na ndugu wawili huacha kusalimiana kwa sababu ya mtu ambaye hajui majina yao. Kuuliza ukuta wa pwani umegharimu kiasi gani hakujawahi kumtenga mtu na ndugu yake. Yeyote atakayeshinda tarehe 10 Agosti 2027, swali la ukuta litakuwa lile lile, na atakayeshindwa atataka jibu kama sisi.

Na mambo makubwa kuliko ukuta yametupita tukiwa kimya. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta umiliki wa ekari 500,000 za ardhi ya kaunti hii zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Nusu milioni ya ekari, Mhariri, katika kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 iliikuta na watu 143,920, yaani wachache kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Wengi wetu tulijua kwamba ardhi hiyo imegawiwa siku tuliyosikia kwamba umiliki umefutwa.

Kuhusu vijana nina mawazo mawili yasiyopatana, na sitajifanya yamepatana. Mwezi Juni 2024 niliwatazama vijana wa nchi hii wakiusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, wakiufasiri kwa lugha za kwao na kuusambaza kwa simu, na nilijisikia kama mwalimu aliyegundua kwamba darasa lilikuwa likisikiliza wakati wote. Kisha nikaona waliokufa katika maandamano, nikakumbuka kwamba mtoto aliyesoma mswada naye ana mama. Hapa kwetu simu hizo hizo ndizo ziletazo pia sauti zisizo na mwenyewe katika makundi ya wasapu, kwamba watu wa fulani wamepanga hivi, kwamba basi fulani limetekwa, na mara nyingi hapana basi wala mpango. Mpwa wangu hupokea kumi za namna hiyo kwa wiki. Nilimwomba awe ananiuliza swali moja kabla ya kuzituma mbele, nani amesema, na sasa amechoka nami, lakini anatuma chache. Unga wa kulevya na kukata tamaa ambavyo vimewala baadhi ya wenzake ni barua nyingine, na sitaigusa leo kwa haraka.

Nililolifanya mimi ni dogo na nalieleza kwa kuwa ni dogo. Chama chetu cha kuchangishana, wanawake kumi na wanane wa Langoni na wawili kutoka Wiyoni, hukutana kila Alhamisi baada ya alasiri katika ukumbi wa nyumba yangu. Tangu mwaka jana, baada ya fedha kuhesabiwa na kabla ya kahawa, tunasoma ukurasa mmoja wa waraka wa umma. Mimi nasoma kwa Kiingereza, binti mmoja aliyemaliza sekondari ananisaidia kufasiri, na wengine wanauliza. Ukurasa wa kwanza ulituchukua Alhamisi tatu, kwa sababu tulikwama kwenye neno lenye maana ya fedha zilizopangwa lakini hazikutumika. Tulibishana sana, mwishowe tukaliita "akiba ya lazima", na bibi mmoja akacheka akasema nyumbani kwake akiba ya namna hiyo huitwa deni. Mkaanga samaki ndiye huuliza maswali makali kuliko wote. Mwezi wa nne tuliandika barua yetu ya kwanza, mistari kumi na minne kwa Kiswahili, juu ya soko la samaki na mahali pa kuoshea, tukatia sahihi ishirini na alama za vidole tatu za wazee waliotaka kujiunga. Tulitaka ipigwe muhuri wa kupokewa. Karani alisita, akatuangalia tulivyojaa mlangoni na mabuibui yetu, akaupiga. Jibu bado hatujapata, ila nakala yenye muhuri imo ndani ya sanduku langu pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa.

Yule rafiki yangu wa Mpeketoni ameniomba nimpelekee nakala. Anasema kwao wao wana shida ya barabara ya kutolea mahindi, na kundi la akina mama wa kanisa lake wangependa kujua mtu huanzaje barua ya namna hiyo. Nimemwahidi kwamba nitavuka kwenda kwake mwezi ujao, na kwamba safari hii sitangoja miaka miwili.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Gazeti lako husomwa barazani kwa sauti. Mmoja hununua, kumi husikiliza, na wa kumi na moja ni mimi dirishani. Chapisha tarehe hizo tatu nilizozitaja, kila zinapokaribia, kwa herufi za kuonekana, pamoja na jina la nyaraka husika kwa Kiswahili na mahali zinapopatikana katika kila kaunti ya Pwani. Na ikiwa kuna msomaji anayejua tafsiri bora ya lile neno lililotushinda Alhamisi tatu, naomba atuandikie kupitia kwako, maana tumefika ukurasa wa tisa na limetokea tena.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu